Huruma Asiyoimudu Mama Ntilie

Ndugu zangu, leo nina mama ntilie mmoja wa kuwasimulia. Aliuza wali maharage karibu na stendi, na masufuria yake makubwa aliyanunua kwa mkopo wa shirika fulani. Kila Ijumaa alipeleka rejesho. Hakuchelewa hata wiki aliyofiwa na mumewe.

Kikaja kipindupindu, vibanda vyote vya chakula vikafungwa kwa amri. Shirika likatuma ujumbe kwenye simu za wakopaji: "Poleni. Kwa miezi mitatu msilete rejesho. Mtaendelea hali ikitulia." Mama akamshukuru Mungu, akiba yake kidogo akanunulia unga. Wewe ungefanya nini?

Vibanda vilipofunguliwa akaendelea kulipa kama zamani. Binti yake akapata nafasi chuo cha uuguzi, basi mama akaenda kuomba nyongeza ya mkopo kwa ajili ya ada. Karani akaangalia kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mama, alama zako za ukopaji zimeshuka. Kuna miezi mitatu hukulipa. Na taarifa hizi kila mkopeshaji anaziona."

"Si ninyi mlioniambia nisilipe? Ujumbe wenu huu hapa, mwanangu, sijaufuta."

"Ni wetu kweli. Lakini humu pana sehemu ya kuandika amelipa, na sehemu ya kuandika hakulipa. Hakuna sehemu ya kuandika tulimruhusu."

Niambieni, mama huyu alikosea wapi? Alikosea kuwaamini, basi. Binti hakwenda chuo. Mpaka leo anaosha sahani za mama yake, na mimi nikiwaza hilo nakasirika.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, na ujumbe ukaja ule ule. Safari hii mama aliuza masufuria kwa bei ya kutupa, akapeleka rejesho. Karani akashangaa.

"Mama, mbona umeleta? Si tumewahurumia?"

"Mwaka jana mlinihurumia, mwanangu. Sina uwezo wa kuhurumiwa tena. Nipe risiti yangu."

Humu kanisani wamo wanaokaa nyuma ya kompyuta hizo, nawajua kwa sura. Kesho Jumatatu kawaulizeni wakubwa wenu kwa nini mtu aliyeruhusiwa anaandikwa mkaidi. Msiponiletea jibu nitawafuata huko huko ofisini.

Lakini sisi wengine tusijifanye wema. Tunasameheana hapa mbele, tunakumbatiana, halafu wakija watu kuulizia binti wa jirani wamchumbie, tunasema, "Ni binti mzuri, ila mwaka juzi..." Sisi tunasamehe kwa mdomo na kumbukumbu tunaitunza vizuri kabisa, tayari kumpa yeyote atakayeuliza.

Mnamkumbuka kijana wetu wa kwaya aliyetubu, tukampokea kwa vigelegele? Alihamia mji mwingine, akaomba barua ya utambulisho. Barua hiyo niliiandika mimi, mchungaji wenu. Nikaeleza kila kitu, hata lile nililomwambia kwa kinywa changu kwamba limekwisha. Huko alikokwenda wamemkataa kwenye kwaya.

Juzi nilisikia mkewe anaumwa, nikampigia simu kijana huyo, nikamwambia anieleze shida zake, tuombe pamoja. Akanijibu kwa adabu, "Ahsante, baba mchungaji. Sina shida yoyote."