Mzizi wa Ogwedhi

Rodi Kopany ni soko lisilo na pazia. Ukinunua nusu kilo ya nyama asubuhi, kufika adhuhuri majirani wanajua uliitia nyanya ngapi. Kwa hiyo hapakuwa na asiyejua kwamba Phanice Nyamoita, bintiye Moraa muuza ndizi, alikuwa amechemsha mizizi miaka mitatu katika maabara mjini Homa Bay bila kupata hata dawa ya mafua ya kuku.

"Kusoma kote kule, kumbe anashindana na waganga!" walicheka wanawake wa mabandani.

"Chekeni polepole," Moraa aliwajibu. "Meno yenyewe yamebaki machache."

Phanice alikuwa mtafiti wa dawa. Kila seli ya mwili, alipenda kueleza, ina milango midogo ukutani mwake. Dawa ifaayo ni mgeni ajuaye kubisha. Mlango ukimtambua, habari hupita ndani na seli hutii. Yeye alitafuta wa kubisha kwenye seli za misuli ya njia za pumzi, ili misuli ilegee na mwenye pumu apumue. Aliposikia kwamba wafugaji wa Ogwedhi wana mzizi wa kazi hiyo, alikwenda siku ya mnada wa ng'ombe, akaununua akiwa wima, akaukataa uji aliokaribishwa, akarudi mbio kama aliyeacha maziwa jikoni.

Seli zake zilitengenezwa zitoe mwanga mara habari ipitapo. Alizipa maji ya ule mzizi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Giza totoro.

"Ijumaa ijayo ndiyo mwisho," alisema Profesa Ombati, mkuu wa maabara. "Bila mwanga, mradi unafungwa."

Jumamosi, baada ya kanisa, Phanice alijifungia chumbani kwa mamake. Mara hodi ikapigwa, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikuwa Bhoke, mchuuzi wa ng'ombe na samli kutoka Ogwedhi, rafiki mpya wa Moraa.

"Mama, mwambie siko," Phanice alinong'ona.

"Nidanganye siku ya Sabato? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Toka ulete maji ya kunawa!"

Alitoka shingo upande. Bhoke alimtazama, akapiga makofi. "Kumbe ni yule mtoto aliyekataa uji wangu!"

Phanice alitamani ardhi immeze. Hata hivyo alimnawisha mgeni, akampakulia chakula kilichopikwa Ijumaa, akaketi. Bhoke alikula huku akisimulia jinsi fahali wa jirani yake Mniko alivyoingia hemani harusini akala shada la bibi harusi. Phanice alicheka mpaka machozi. Hakuwa amecheka tangu mwezi uliopita.

"Na mzizi wangu ulikufaa?" Bhoke aliuliza.

"Wapi, mama! Nimeuchemsha mpaka nimechoka."

Tonge likasimama njiani. "Umechemsha? Kwa maji?" Bhoke aliangua kicheko, vikombe vikatetemeka. "Maji yatauweza wapi mzizi ule! Hukaangwa kwa samli. Mgonjwa hulamba samli, mzizi tunautupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu dawa haielezwi mtu aliyesimama. Ungeketi, ungeambiwa."

Phanice alishika kichwa. Kilichotakiwa kiliyeyuka katika mafuta, si katika maji. Miaka mitatu alikuwa akihifadhi maji na kuitupa dawa pamoja na makapi!

Jumatatu aliukamua mzizi kwa mafuta. Alhamisi alizipa seli za sahani moja mafuta matupu, giza. Za sahani ya pili alizipa mafuta ya mzizi. Mwanga ukachomoza nukta kwa nukta, kama taa za wavuvi wa omena ziwani.

"Huenda mzizi umeingia kwa dirisha, si kwa mlango wako," Ombati alisema, mikono kifuani.

Phanice alichukua sahani ya tatu, akatia kwanza dawa ya kuziba ule mlango alioukusudia, kisha mafuta ya mzizi. Giza. Ombati alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mlango ni huohuo," alisema taratibu. "Nani alikuonyesha njia?"

"Mgeni wetu, Profesa. Na kwenye ripoti jina lake litatangulia langu."

Ijumaa hakuna kilichofungwa. Safari ya kufikia dawa ya dukani ilikuwa bado ndefu, lakini mlango ulikuwa umeitika. Siku ya mnada Phanice alirudi Ogwedhi, akaketi kwenye kigoda, akamaliza vibuyu viwili vya uji kabla ya kuuliza neno lolote kuhusu mzizi. Huko Rodi Kopany, wanawake wa mabandani walimzingira Moraa wakitaka habari yote, tangu mwanzo, bila kuruka.

"Basi ketini," Moraa aliwaambia, akiwasogezea ndizi mbivu. "Hamkusikia? Mgeni njoo, mwenyeji apone."