Mfupa wa Kingurumo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na asubuhi wakiwachana watoto wao nywele waende shule, palikuwa na shule moja ya msingi pembeni mwa msitu. Mwenye shule alikuwa Bwana Chui. Mwalimu alikuwa Fisi. Wanafunzi walikuwa wadogo wadogo tu: Digidigi, Pimbi, Kanga, Nungunungu, na Kindi, binti mwenye mkia mkubwa kuliko mwili.

Shule ile ilikuwa na sheria moja kubwa. Ukishaingia, husemi lugha ya kwenu. Ni Kingurumo tu, lugha ya Simba, kuanzia getini mpaka chooni.

"Na Simba mwenyewe yuko wapi?" Kindi aliuliza siku ya kwanza.

"Hayuko. Kaa chini!" Mwalimu Fisi akamjibu.

Kweli hakuwapo. Katika shule nzima hapakuwa na simba hata wa dawa. Bwana Chui alikiokota Kingurumo alipokuwa mlinzi wa geti kwa Simba, na Fisi akafundishwa na Chui. Kwao hawakuzaliwa nacho. Lakini hayo hayakuwa yakisemwa.

Mtoto akiteleza akasema lugha ya kwao, alivishwa shingoni mfupa mkavu uliofungwa kamba. Ili auvue, ilimpasa amsikie mwenzake akiteleza, amtaje kwa mwalimu, na mfupa uhamie kwa huyo. Atakayekuwa nao Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, huyo anakwenda nyumbani kwa Bwana Chui kuosha vyombo.

Ijumaa moja alikwenda Paa, mwanafunzi mwenzao. Jumatatu hakuonekana.

"Mwalimu, Paa yuko wapi?" Pimbi akauliza.

"Amehama shule," Fisi akasema, huku akijichokoa meno.

Jumatatu hiyo lilikuwa somo la hesabu. Fisi alipiga meza kwa fimbo, pwaa! Digidigi, aliyeketi pamoja na Kindi, akaruka.

"Zik! Zik!"

Ndivyo wanavyoshtuka digidigi wote, mama zao na bibi zao. Fisi akatabasamu hadi masikioni.

"Ahaa! Zik! Hicho ni Kingurumo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Lete shingo."

Mapumziko yalipofika, Digidigi hakuwa na wa kucheza naye. Alikokwenda, watoto walitawanyika. "Usije huku, we! Kaa na mfupa wako!" Hata Kanga, waliyekuwa wakigawana naye viazi, alimpa mgongo. Kindi akayatazama hayo kutoka juu ya ukuta, na moyo ukamchemka.

Jumanne, wakati wa kusoma, Kanga alijisahau akanong'ona: "Keke." Digidigi alisikia. Alifungua mdomo amtaje. Akamtazama Kanga, Kanga akamtazama. Digidigi akafunga mdomo. Machozi yakamdondoka juu ya kitabu, to! to!

Basi Kindi akarukia juu ya dawati.

"Chk-chk-chk! Chk-chk!"

Darasa zima likageuka.

"We kifagio!" Fisi akafoka. "Umesema nini?"

"Nimesema habari za asubuhi, Mwalimu. Kwa lugha ya mama yangu. Nirudie?"

"Thubutu!"

"Chk-chk-chk," Kindi akarudia, taratibu, kama anayemsomesha mtoto. Kisha akamgeukia Digidigi. "Umenisikia?"

"Mi... mimi... sijui..."

"Umenisikia. Haya, nitaje."

Digidigi akamtaja, na mfupa ukahamia shingoni kwa Kindi. Ulimfika magotini.

"Dada, umejimaliza," Digidigi akamwambia nje. "Ijumaa utakwenda wewe."

"Ijumaa bado," Kindi akajibu. "Leo nakula karanga zangu."

Jumatano Kindi aliamkia kwa lugha ya kwao, akahesabu kwa lugha ya kwao, akaomba ruhusa ya kwenda haja kwa lugha ya kwao.

"Nitakuvisha mfupa!" Fisi akanguruma.

"Ninao, Mwalimu."

"Nita... nitakuvisha tena!"

"Mfupa ni mmoja, Mwalimu. Au una mwingine?"

Watoto wakainamisha vichwa, mabega yanawacheza. Fisi akageukia ubaoni asionekane alivyovimba. Wakati ule ule Kanga akajikwaa kwenye ndoo, akapiga kelele: "Kekekeke!"

"Kindi!" Fisi akageuka mbio. "Umemsikia? Mtaje Kanga, uvue mfupa sasa hivi."

"Nani? Mimi sikusikia kitu."

"Kila mtu amesikia!"

"Basi ni masikio yangu, Mwalimu. Madogo mno."

Akakaa. Kanga naye akakaa. Mapumziko yalipofika Kanga alimega kiazi chake, akampa Digidigi nusu bila kumtazama usoni.

Msidhani Kindi hakuogopa. Usiku alipolala, kamba ilimkwaruza shingo, akamwaza Paa. Lakini kila alipofikiria kumtaja mwenzake, moyo ulikataa.

Alhamisi, jua likiwa utosini, upepo ulileta harufu ya nyama choma kutoka kwa Bwana Chui. Fisi alikuwa akiandika ubaoni. Chaki ikasimama. Mabega yakaanza kumtikisika. Akakidaka upesi kifutio cha ubao, akaking'ata kwa meno yote.

"Hi... mmmf! Hi... mmmf!"

"Mwalimu, unaumwa?" Pimbi akauliza.

"Kikohozi! Andika!"

Kindi hakuandika. Alikaa akimtazama Fisi na kile kifutio, mpaka upepo ulipogeuka. Saa ya kurudi nyumbani akawaita wenzake nyuma ya choo.

"Kesho Bwana Chui akija, fumbeni midomo. Mtu akikanyagwa, afumbe. Akifinywa, afumbe. Litakalotokea lolote."

"Kwa nini?" Pimbi akauliza.

"Wee fumba tu. Nami nitasema kwa niaba yenu."

Ijumaa mchana Bwana Chui akaja, amejipaka mafuta, amebeba bakora. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango, mkia wake mrefu ukalala sakafuni.

"Mwosha vyombo wangu ni yupi?"

Fisi akamsukuma Kindi mbele. Bwana Chui akampima kwa jicho, mbele na nyuma.

"Huyu? Mwalimu, huyu? Vyombo vyenyewe vitaoshwa kweli na kitu hiki?"

"Wiki ilikuwa ngumu, Mkuu," Fisi akasema, kichwa chini.

"Shikamoo, Mkuu," Kindi akaamkia. Ah! Kilikuwa Kingurumo kinene, kimetoka tumboni, mpaka vumbi likaanguka kwenye paa la nyasi.

"Marahaba! Kumbe kinajua!"

"Najua, Mkuu. Sikuwa nashindwa, nilikuwa sitaki. Kabla sijaenda, naomba nikusomee insha yangu, uone jinsi Mwalimu anavyofundisha."

Fisi akavuta kola ya shati. Sifa hazimpiti. "Soma, soma! Tena kwa sauti."

Kindi akasimama wima. Njiani kwenda mbele alikuwa amekiokota kifutio, sasa amekificha nyuma ya mkia.

"Insha yangu inaitwa Harusi ya kwa Nyati. Tulifika, tukakuta sufuria kumi na mbili jikoni. Ya kwanza ilikuwa ya mbavu."

Fisi akameza mate.

"Mbavu zilichemka tangu alfajiri, zikalainika, nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe."

Fisi akapapasa mezani kutafuta kifutio. Hakipo. Akang'ata mkono wa shati.

"Akaja mpishi na shoka, akapasua mfupa wa paja, kah! Uboho ukachuruzika kama asali, ukaangukia kwenye wali."

"Mmmf," Fisi akasema. "Inatosha. Insha nzuri. Kaa."

"Mwache amalize!" Bwana Chui akaamrisha. Naye alikuwa ameshaanza kulamba masharubu.

"Wageni wakala, wakashiba, wakalala," Kindi akaendelea, sauti ikishuka kama ya siri. "Sufuria tano zikabaki hazijaguswa. Basi mwenye harusi akasimama, akatazama huku na huku, akasema: 'Mwalimu Fisi yuko wapi? Zote hizi ni zake.'"

"Hi! Hi-hi-hiii! Hiii-kwe-kwe-kweee! Hi-hi-hiii!"

Fisi alicheka hadi akashika meza. Alicheka cheko la mama yake na bibi yake, la mapangoni kwao, na hakuweza kulirudisha.

Lilipoisha, Bwana Chui akamgeukia.

"Mwalimu," Bwana Chui akasema polepole, "hicho ni Kingurumo?"

"Ni... ni kikohozi, Mkuu."

Kindi akauvua mfupa, akaushika kwa mikono miwili.

"Wiki nzima mimi sikumsikia mtu," akasema. "Leo nimesikia. Namtaja Mwalimu Fisi."

"Sheria ni ya wanafunzi!" Fisi akapiga kelele.

"Sheria ni kuanzia getini mpaka chooni. Mkuu, uliposema hivyo ulimtoa nani?"

Bwana Chui akamtazama Kindi: manyoya matupu. Akamtazama Fisi: mapaja yamejaa, shingo nene. Mate yakamjaa mdomoni.

"Sikumtoa mtu," akasema. "Mvishe."

"Mkuu! Mimi tena?" Fisi akalia, kamba ikiingia shingoni. "Nikaoshe vyombo mimi? Nani alikuletea Paa? Mimi! Nyama ulikula wewe, mimi nikapata mifupa, tena mitupu!"

Watoto wote walisikia. Kumbe Paa hakuhama. Macho yakawajaa machozi, lakini midomo ikabaki imefumbwa.

"Kengele inakaribia," Bwana Chui akasema.

Fisi akatazama huku na huku. Akapiga meza kwa fimbo, pwaa! Digidigi akaruka, mdomo ameufumba. Akamkanyaga Pimbi. Pimbi akauma mdomo, kimya. Akamfinya Kanga. Kanga akafumba macho, kimya. Akampiga kofi Nungunungu mgongoni.

"Kwiii!"

Aliyelia ni Fisi mwenyewe, kiganja kimejaa miiba.

"Hiyo ya pili, Mwalimu," Kindi akamwambia, kwa Kingurumo safi.

"Nisaidie, mwanangu! Nimebakiwa na nani?"

"Mmoja humu ndani hujamjaribu," Kindi akasema, na macho yake yakashuka sakafuni, yakaufuata ule mkia mrefu wenye madoa.

Fisi akautazama. Akautazama mlango. Akafumba macho, akaurukia mkia kwa miguu yote minne, pu!

"Nyaaauuu! Mama wee, nyaauu!"

Chui mzima, mwenye bakora na mafuta kichwani, alilia kama paka wa jikoni.

"Nimesikia!" Fisi akabweka. "Namtaja Bwana Chui!" Akautupa mfupa, ukamkaa Chui shingoni barabara.

Weee! Bwana Chui akamrukia. Fisi akapita dirishani na fremu yake. Kiti kikaenda, ubao ukaenda, geti likaenda. Wakakimbizana bondeni, mmoja akicheka kwa hofu, mwingine akilia nyau kwa hasira, na msitu wote ukasikia kila mmoja amezaliwa kwa nani. Pale shuleni hawakukanyaga tena. Chui kwa aibu, Fisi kwa kumwogopa Chui.

Watoto walibaki wamekaa, midomo imefumbwa bado. Kindi akajipandia kwenye meza ya mwalimu.

"Kanga," akasema, "njoo mbele. Kwenu moja, mbili, tatu mnahesabuje?"

Kanga akaja, akahesabu. Darasa likamfuatisha, likakosea vibaya sana, Nungunungu akikosea kuliko wote. Kanga akacheka, akawarudisha kwenye moja. Nao wakaanza upya, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyevishwa kitu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mafunzo yake: anayetunga sheria ya kuwanyamazisha wengine akumbuke kwamba yeye pia ana mama aliyemfundisha kulia.