Usingizi Uliouza Makochi

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, sponji na gundi zipo, palikuwa na karakana ya makochi kando ya barabara mjini Morogoro. Mwenyewe ni Mzee Mkwizu, na vijana wake walikuwa watatu.

Wa kwanza Shomari, seremala. Huyu alifika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Alipiga msumari, akapiga msumari, mpaka nyundo ikaomba poo.

Wa pili Kidawa, mshonaji. Ikifika saa kumi, hata sindano iwe katikati ya kitambaa, anaiacha hapo hapo, huyoo, kwenye netiboli. "Mshahara wangu unaishia saa kumi," husema. "Baada ya hapo ni maisha yangu."

Wa tatu Dilunga, mpaka vanishi. Huyu akimaliza sehemu yake hulala. Basi.

Siku moja mzee akatangaza, "Nafungua karakana ya pili. Kochi likileta oda kubwa, aliyeileta oda hiyo ndiye msimamizi. Ufunguo huu hapa."

Moyo wa Shomari ukadunda. Baba yake Mwajabu, mchumba wake, alishamwambia, "Binti yangu simpi mtu wa kutumwa tumwa. Rudi ukiwa msimamizi." Basi akaunda fremu ya mninga, imara hata tembo akalie. Akataka ijazwe sponji ya zamani, kochi litoke haraka.

Kidawa akagoma. "Kaka, hiyo sponji imekufa. Mtu akikaa atadhani kakalia mawe." Akafumua, akashona. Akafumua, akashona. Siku tatu, na kila siku saa kumi, huyoo! Shomari akabaki anatafuna kucha.

Mwishowe kochi likatolewa nje. Dilunga akaipaka miguu ya kochi vanishi, akangoja ikauke, akapanda, akalala mdomo wazi, mguu huku, mguu kule.

Shomari akaona ndoa yake inakoromewa. Akabeba ndoo ya maji.

"Oya, ni saa ya mapumziko!" Kidawa akamdaka mkono.

"Mapumziko gani? Huyu anapumzika tangu azaliwe!"

Ndoo iko hewani, gari likasimama. Akashuka mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. "Usimwage, baba! Usimwamshe!" Akamzunguka Dilunga kama anakagua ng'ombe mnadani. "Wageni wangu wananinunia, eti kwangu hakuna raha. Nataka ya hivi hivi. Ishirini, mwisho wa mwezi."

Mama kaondoka tu, zogo likaanza.

"Mzee," akasema Shomari, "bila jasho langu angelala juu ya nini?"

"Mama kanunua raha, hakununua mbao," akasema Kidawa. "Raha nimeishona mimi. Na nisingekudaka, ungemuuzia kochi bichi."

Dilunga akapiga miayo. "Kochi lilikaa nje tangu asubuhi, mimi sipo juu yake. Magari mangapi yalisimama?"

Shomari akaweka ndoo chini.

"Haya," akasema mzee, "na makochi ishirini yataishaje?"

"Nikisimamia mimi, hakuna kulala hata Jumapili," akasema Shomari.

"Nikisimamia mimi, tunafanya vizuri, saa kumi tunafunga," akasema Kidawa.

"Nikisimamia mimi," akasema Dilunga, "kwanza tule."

Mzee kashika ufunguo, jasho linamtoka. Haya nyie mnaocheka, wenye vyeti na msio navyo, jibuni, ila mabosi wenu wasiwasikie: je, nani alistahili ufunguo?