Injini ya Bwana Kiboko Ilipokohoa

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa pikipiki!
Nani kaiwasha?
— Kiboko!
Nani kaizima?
— Bado hujatuambia!

Basi nyamazeni niwaambie. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia ukae. Hadithi haisikilizwi mtu kasimama kama askari wa zamu.

Hapo kale wanyama wa mbugani walikuwa na kisima kimoja, na kila kiangazi kikianza walikigombea kwa mbio za pikipiki. Kutoka kisimani mpaka kichuguu chekundu, unazunguka, unarudi. Aliyetangulia kufika alipewa kisima mpaka mvua zirudi, akawa yeye wa kunywa kwanza. Juu ya hayo alipewa haki ya kubadilisha sheria ya mashindano. Sheria moja tu, si mbili.

Mpima injini alikuwa Korongo. Alichukua kibaba, kile kile cha kupimia mchele, akakijaza maji, akayamimina ndani ya silinda taratibu. Injini ikimeza kibaba kimoja, hiyo ni injini ya kibaba. Na zamani sheria ilikuwa hiyo: injini isizidi kibaba. Mafuta je? Kila mmoja kibuyu kimoja, sawa kwa sawa, na hakuna kuongeza njiani.

Mwaka mmoja akashinda Bwana Kiboko. Msiniulize alishindaje. Kila aliyetaka kumpita kwenye kona alikutana na lile tako.

"Injini iwe vibaba viwili," akasema Bwana Kiboko.

Mwaka uliofuata, vuuum, akashinda. "Injini iwe vibaba vitatu." Mwaka mwingine, vuuuuum, akashinda. "Injini iwe pishi nzima." Yaani vibaba vinne! Wadogo walijaribu kupanda hayo mapikipiki, miguu haifiki chini. Digidigi alianguka na lake, likamlalia mpaka walipokuja kumchomoa. Basi wakarudi kwenye injini zao za kibaba, maana sheria ilikataza kuzidi, haikukataza kupungua, wakawa wanakula vumbi la Bwana Kiboko kila mwaka.

Lakini vumbi si kitu. Tatizo lilikuwa kisima. Bwana Kiboko hakunywa tu akatoka. Aliingia, akalala humo, na mengine yote aliyafanya humo humo. Bi Nguchiro, aliyekuwa fundi wa pikipiki pale mbugani, aliyachuja maji ya wanawe kwa kitambaa, akayachuja tena, na bado yalikuwa mazito. Kitinda mimba wake alikuwa anaharisha.

"Mama, haya ni maji au uji?" mtoto akauliza.

Bi Nguchiro akamfuta mdomo. Ilimuuma sana, akaenda zake kazini na uchungu wake.

Sasa fundi ana masikio, jamani. Siku ya mbio hizo za pishi nzima, Bwana Kiboko alipokuwa anamalizia wa kwanza kwa kishindo, wengine wote walisikia vuuum. Nguchiro alisikia vuuum, halafu akasikia koh. Koh koh. Alipopewa pikipiki hiyo aioshe, akafungua tangi, akachungulia. Kavu. Hata tone la kupaka kidole halikuwemo. Pishi nzima inakunywa kibuyu kizima, akasema moyoni, kisha akaendelea kusugua kama hakuona kitu.

Akaenda kisimani. Bwana Kiboko alikuwa amelala majini, pua tu ziko nje, anawaza sheria ya mwaka huu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeisafisha?"

"Inang'aa. Ila mwishoni niliisikia imekohoa."

"Hata mimi niliisikia," akasema Bwana Kiboko. "Nadhani mwaka huu nibadilishe sheria ya mafuta. Tupewe vibuyu viwili."

Moyo wa Nguchiro ulifanya pa! Vibuyu viwili, basi tena, wanawe watakunywa uji ule mpaka waote mvi. Lakini mtazameni usoni: hakuna kitu. Anajipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Vibuyu viwili ni vizuri," akasema. "Tatizo watu. Watasema."

"Watasema nini?"

"Watasema siku hizi Bwana Kiboko anafungashiwa chakula cha njiani, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali."

Bwana Kiboko akatoa kichwa chote majini.

"Kwani inakohoa nini basi?"

"Imebanwa, Bwana. Mtu wa kifua hiki, wa shingo hii, umekalishwa juu ya pishi moja. Hata mimi ningekohoa. Mwili wako ni wa pishi mbili."

"Pishi mbili," akasema Bwana Kiboko polepole, kama anaonja mchuzi.

"Na mbuga nzima hakuna mwingine wa kuipanda."

Hapo akawa amemmaliza. Kwa sababu Bwana Kiboko, jueni, njaa ikimshika alikuwa hafikirii chakula. Alikuwa anafikiria tumbo kubwa zaidi. Kesho yake akatangaza mbele ya wote: injini isizidi pishi mbili.

"Na mafuta?" akauliza Korongo.

"Vibuyu vingi ni vya wagonjwa. Kimoja kinatosha."

Mvua zikaja zikajaza kisima, mwaka ukazunguka, siku ya mbio ikafika. Korongo akamimina maji kwenye silinda ya Bwana Kiboko, akamimina, akamimina, mpaka shingo ikamuuma. Kisha akapima ya Nguchiro: kibaba kimoja.

"Hiyo ni pikipiki au cherehani?" akauliza Bwana Kiboko, na wakubwa wenzake waliokuja kutazama wakacheka.

"Inanisaidia kushona, Bwana," akajibu Nguchiro.

Bendera ikashushwa. Bwana Kiboko, VUUUUUM! Vumbi likafunika jua. Nguchiro, pu-pu-pu-pu. Bwana Kiboko akafika kichuguu chekundu, akazunguka, VUUUUUM. Nguchiro, pu-pu-pu-pu. Wakapishana, huyu anarudi, huyu bado anakwenda, na Bwana Kiboko akampungia sikio. VUUUUUM. Nguchiro, pu-pu-pu-pu.

VUUUM. Vuum. Koh. Koh koh. Kimya.

Ilikuwa kwenye mchanga wa mto mkavu, kisima anakiona kwa macho yake. Akapiga kiki, kach. Akapiga tena, kach. Akashuka kusukuma, magurudumu yakazama mchangani. Pishi mbili za chuma, nani atazisukuma?

Na huku nyuma anakuja Nguchiro. Ee, ungemwona siku ile! Ameinama juu ya usukani, mkia umenyooka nyuma yake, hapigi resi hovyo, kona anaikata pale pale inapotakiwa kukatwa, kila tone la mafuta analijua linakwenda wapi. Mimi fundi wa namna ile nampenda mpaka leo, sijali nani atanicheka. Pu-pu-pu-pu.

"Nguchiro, mama," akaita Bwana Kiboko, "nigawie mafuta kidogo."

"Bwana Mkubwa, kwa haya yangu injini yako haitaweza hata kukohoa."

Pu-pu-pu-pu, akapita. Akafika. Kitinda mimba akawa wa kwanza kuinama kisimani, na akanywa maji ambayo ameuona uso wake ndani yake.

Sasa ikabaki sheria. Wadogo wote wakamzonga Nguchiro: rudisha kibaba, rudisha kibaba. Nguchiro akamngoja Bwana Kiboko afike kwa miguu, koo limekauka, amejaa vumbi, apange foleni nyuma ya Digidigi.

"Ilibaki kidogo tu," akasema Bwana Kiboko. "Ingekuwa kubwa zaidi kidogo, ningefika."

Nguchiro akamtazama kwa huruma.

"Kweli kabisa, Bwana. Nimeona mwenyewe." Kisha akamgeukia Korongo. "Tangaza. Kuanzia sasa injini isizidi pishi tatu."

Bwana Kiboko akamshika mkono, machozi yanamtoka. "Mbuga nzima," akasema, "ni wewe tu unayenielewa."

Na hilo ndilo fundisho, watoto wangu: kumsifu mtu kwa uongo ni vibaya sana, na mkubwa aambiwe ukweli, maana anapenda kuusikia. Na mkikua, nunueni injini kubwa.

Pikipiki iko wapi?
— Mchangani!
Nani kaizima?
— Mwenyewe!
Na maji?
— Meupe!
Basi nendeni mkanywe.