Tumbili Aliyejaza Milio Mashavuni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na jiko. Nanyi wakubwa mlioegemea ukuta, sogeeni, hii si ya watoto peke yao. Wewe, acha kutafuna. Kimya. Nisikie moto tu.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, zamani za kale kabisa, palikuwa na Tumbili kijana, jina lake Ndere. Aliishi kwenye migunga ya kando ya mto na mama yake, na dada yake Kipusa, na kitoto kichanga kilichong'ang'ania tumboni kwa mama.

Kwa tumbili kuna mila. Kila kijana hufundishwa milio mitatu, kisha hupewa zamu ya kukaa juu kabisa, alinde wenzake wakila. Akiona Tai, hulia "Rrrup!" na wote hujirusha vichakani. Akiona Chui, hulia "Kah! Kah!" na wote hukimbilia matawi membamba. Akiona Nyoka, hulia "Chu-chu-chu!" na wote husimama wakatazama chini.

Mwalimu wao alikuwa Shangazi Mkiakovu. Kila siku aliita, "Njooni! Kidogo asubuhi, kidogo jioni, mpaka ulimi uzoee!"

Kipusa alikwenda. Alilia mlio wake, akapumzika, akacheza. Jioni akarudia.

Ndere? Ndere yuko juu ya mkwaju. Bembea, bembea!

"Ndere mwanangu, mlio!"

"Kesho ipo, shangazi."

Kesho ikaja. Bembea, bembea!

"Ndere, zamu yako hiyo inakuja!"

"Kesho ipo, shangazi. Mitatu tu hiyo, naimeza siku moja."

"Kesho ipo, ndiyo," shangazi akasema. "Na mama yako je, atakuwepo?"

Ndere akacheka. Akatema kokwa ya ukwaju, ikaangukia kichwani kwa shangazi.

Ikabaki siku moja tu kabla ya zamu yake. Ndere akashuka mbio. Akamkimbilia Kipusa.

"Dada, nipe milio!"

"Upi?"

"Yote! Sasa hivi!"

Mnamjua tumbili aliyeingia shamba la kunde, mwenye shamba hayupo. Hujaza mashavu, hujaza, hatafuni. Ndivyo Ndere alivyojaza. Rrrup-kah-chu-kah-rrrup! Kutwa nzima, hali, hapumziki. Jua likizama akasema, "Nimeijua!"

"Umeijaza," Kipusa akamjibu. "Hujaitafuna."

Asubuhi Ndere akapanda juu, macho mazito. Wenzake wakawa matawini, wanachuma maua ya mgunga. Nyasi zikatikisika, fyo, fyo. Doa. Doa jingine. Chui huyo, anajibanza kichakani!

Ndere alimwona. Alimjua. Akafungua kinywa, milio ikaja yote kwa pamoja, ikasongamana kooni. Uliotangulia ndio ukaponyoka:

"Rrrup! Rrrup!"

Tai! Wote wakajirusha chini. Pu! Pu! Pu! Wakaingia kichakani. Kichaka kilekile cha Chui.

"Siyo! Siyo huo! Rudini!"

Nani atamwelewa? "Siyo" si mlio.

Kipusa akamwona Chui, akalia, "Kah! Kah!" Wakapanda, wakapanda. Mama mzigo ulimwelemea. Akamrushia Kipusa kile kitoto, Kipusa akakidaka. Mama akanyoosha mkono ashike tawi. Hakulifikia.

Kraa!

Chui akamnyakua, akatokomea naye nyasini.

Ndere akashuka. Hakuna aliyemkaripia. Heri wangemkaripia. Shangazi alimwambia neno moja tu: "Kesho imekuja, Ndere."

Basi wakagawana yaliyobaki. Kipusa akarithi tawi la mama, na kitoto mgongoni. Shangazi akarithi kukilisha. Chui akarithi njia ya mtoni, akaizoea. Na Ndere akarithi mlio. Kila asubuhi hukaa peke yake juu ya mgunga, hulia "Kah! Kah!" taratibu, bila kukosea hata mara moja. Lakini mama aliyeuhitaji mlio huo hayupo.

Wanangu, elimu hutafunwa kidogo kidogo, kila siku. Anayeiweka kiporo huja kuimeza yote siku moja, na siku ya kuihitaji humkwama kooni.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliye na somo la kudurusu, akadurusu sasa.