Kimya cha Kungwi Somoe

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi bali ya mahakama na mihuri, palikuwa na kungwi aitwaye Somoe Nangwanda. Alishtakiwa kuchoma ghala la korosho la shemeji yake. Shahidi mmoja aliona kanga inayofanana na yake ikikimbia uchochoroni. Ushahidi mwingine haukuwapo. Alipoulizwa mchana wa moto huo alikuwa wapi, Somoe alinyamaza, na sheria ilimruhusu kunyamaza.

Ukweli, alikuwa ndani na mwali, akimfunda kwa ajili ya ndoa. Na kungwi huapa: ya ndani hayatajwi mbele ya wanaume, wala aliyekuwamo hatajwi.

Wakili wa Serikali, Esha Mchekenje, akafunga kesi kwa sauti ya kutikisa bati: "Mheshimiwa Hakimu, asiye na hatia husema alikuwa wapi! Huyu anaficha nini?" Hakimu akayanakili maneno hayo hukumuni kama yalivyo. Miaka mitano.

Somoe alipanda gari la magereza kwa ghadhabu. Esha huyo ndiye mwali aliyekuwa naye ndani mchana ule. Somoe ndiye aliyemfunda, Somoe ndiye aliyemwapisha.

Kwenye rufaa, Likwata, wakili wake tangu kesi ya kwanza, alileta hoja moja: Esha aligeuza haki ya kunyamaza kuwa ushahidi.

"Siku ile ulipinga?" Jaji akauliza.

"Niliinuka nusu, Mheshimiwa. Nikamtazama mteja wangu kizimbani, akatikisa kichwa. Nikaketi."

"Nilitikisa!" Somoe akafoka. "Mngebishania kimya changu, mngeniuliza sababu yake. Lakini wewe baba, nilikuweka unitetee au utazame kichwa changu?"

Jaji akafunua jalada. "Naye Hakimu ameandika hapa: 'Sikusikia pingamizi.' Kana kwamba sheria ni mgeni, lazima aletwe na mwenyeji! Wakili Esha?"

"Nilisema juu ya kilichomo jaladani, Mheshimiwa. Zaidi ya hapo nina kiapo."

"Usikitaje kiapo, we mtoto!" Somoe akashika ukingo wa kizimba. "Kilikuzuia kunitetea, sawa. Kilikulazimisha kunisingizia? Ungenyamaza kama mimi, nani angekufunga?"

"Ningejitoa kwenye kesi, wangeniuliza sababu. Kungwi wangu, ulinifundisha mwenyewe: sababu haitajwi."

"Nilikufundisha kufunga mdomo. Sikukufundisha kuuma!"

"Kiapo gani hicho?" Jaji akauliza.

Wanawake wale wawili, waliokuwa wakirushiana maneno, wakanyamaza kwa pamoja.

Jaji akafunga jalada. Kisha akasema kwamba maneno yale ya Esha ya kufungia kesi hayakupaswa kutamkwa. Hilo halina ubishi. Kilichobaki ni nani abebe mzigo wa kosa. Kosa likiwa la aliyeyasema au la aliyeyaandika, Somoe anakwenda nyumbani leo. Likiwa la upande uliosikia, ukaweza kupinga, ukaketi kwa hiari, Somoe anarudi gerezani. Akainuka kwenda kuandika.

Nanyi mliokaa hapa, msiniambie wote wamekosa. Hilo analijua hata karani. Esha alijua, akasema. Hakimu aliijua sheria, akasubiri kukumbushwa. Likwata aliinuka, akatii kichwa cha mtu asiyejua sheria. Somoe alishika kiapo, akakataa kutetewa. Jaji hajarudi bado. Je, kati ya wanne hawa, ni nani aliyemfunga Somoe?