Vigoda Viwili vya Kwelutu

Washindi wakizungukana, mtazame mwamuzi. Hivyo ndivyo alivyosema Mama Chambua jana mkutanoni, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka, nanyi mkabaki mnatazamana. Leo mmenijia mbio mkitaka maana yake. Maana nitawapa, lakini methali usiyojua ilikotoka ni kama kisu kisicho na mpini: utakishika vibaya, kikukate wewe mwenyewe. Kaeni basi. Wewe Mbaraka, usikae mlangoni kama mtu anayetaka kutoroka.

Maneno haya yalizaliwa Kwelutu, kijiji cha bibi zangu kule milimani, na yalizaliwa kwa sababu ya mtoto yatima.

Watu wa Kwelutu walikuwa na namna yao ya kuchagua. Kama kulikuwa na mahali patatu panapofaa kuchimbwa kisima, au madume manne ya kupandisha ng'ombe, hawakuyapanga yote mbele yao na kuanza kunyoosha vidole. Waliyatazama mawili mawili. Na kama waliochaguliwa walikuwa watu, viliwekwa vigoda viwili uwanjani. Waliketi wawili, mwamuzi akawapima, aliyeshindwa akainuka, na mwingine akaja kuketi mahali pake. Atakayebaki kigodani mwishoni ndiye aliyepata. Aliyekwisha kuinuka haketi tena. Huo ulikuwa mwiko, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Desturi yenyewe ilikuwa nzuri, nisisikie mtu akiicheka. Ukiulizwa kati ya vitu vitano kipi bora, utanyakua kinachong'aa. Ukiulizwa kati ya hiki na kile, huna budi kufikiri. Lakini hata ghala imara huwa na tundu la panya, na panya wa Kwelutu alivaa kanzu.

Jina lake Mzee Mbelwa, na yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na maneno laini. Akikusalimia, atakuulizia mpaka kuku wako. Watu walimpenda. Mimi sikumwona, lakini niliyosikia yananitosha, maana simwamini mtu anayetabasamu kabla ya kugawa nyama.

Basi, mwaka mmoja alikufa mkulima aliyeitwa Mhina. Mkewe alikuwa amemtangulia. Akabaki binti yao, Sikudhani, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameanguka. Mhina alimwachia shamba la bondeni, lenye chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Na sheria ya Kwelutu ilisema anayemchukua mtoto ndiye anayelishika shamba lake mpaka atakapokua. Wajukuu zangu, mashamba ya yatima yana tabia moja mbaya: yanasahau upesi mwenyewe ni nani.

Waliojitokeza kumtaka mtoto ni watatu. Wa kwanza ni Zamda, shangazi yake, dada wa Mhina. Ndoa ilikuwa imemshinda, akarudi kwao akawa anafinyanga vyungu na kuishi peke yake katika nyumba ndogo. Tangu siku ya mazishi mtoto alikuwa analala naye. Wa pili ni Mhando, mjomba wa mtoto, mkulima wa ng'ambo ya kilima, mwenye ghala kubwa na nyumba iliyojaa watoto. Wa tatu ni Kibwana, kaka wa Mhina kwa upande wa baba tu, mchuuzi asiyelima hata mchicha. Huyu hakuja mazishini. Alikuja baadaye, na alipofika hakuenda kwanza kumtazama mtoto. Alikwenda kwa Mzee Mbelwa.

Asubuhi ya hukumu Zamda aliteremka bondeni kuchota maji. Akapita shambani kwa marehemu kaka yake, akaona kitu kilichomsimamisha. Karibu na chemchemi palikuwa na miti mipya imesimikwa ardhini kwa mduara. Lilikuwa zizi. Ndani yake mlikuwa na mbuzi, na kila mbuzi alikuwa na sikio la kushoto lililochanwa. Kwelutu nzima ilijua masikio hayo ni ya mbuzi wa nani.

Akajiambia labda wamepotea. Mbuzi hupotea njia, ni kweli. Lakini mbuzi hakati miti akajijengea zizi. Akajitwika mtungi wake akapanda kilima, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko yale maji. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kila jirani aliyepishana naye njiani, Zamda alimwona kama mtu wa Mbelwa. Aliyemsalimia kwa furaha alimshuku kwa furaha yake, na aliyepita kimya akamshuku kwa ukimya wake. Aliogopa kwamba akitangulia kusema, zizi litang'olewa kabla watu hawajafika, naye aitwe mwanamke mwenye wivu. Akamshika Sikudhani mkono, wakaenda uwanjani.

Mzee Mbelwa alikuwa amekwisha kufika. Akawaita Zamda na Mhando waketi kwanza. Kibwana alisimama pembeni amekunja mikono, ametulia kama mtu aliyekwisha kula. Zamda aliuona utulivu ule, akauweka moyoni.

Mbelwa akazungumza kwa upole wake. Akamsifu Zamda kwa huruma, akamsifu mpaka watu wakadhani amempa. Kisha akasema kwamba mtoto hashibi huruma, anashiba chakula, na mwenye ghala ni Mhando. Zamda akainuka. Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana lilikuwa neno la haki.

Kibwana akaja kuketi kando ya Mhando. Hapo Mbelwa hakutaja ghala tena. Alizungumza juu ya damu. Akasema mtoto ni wa ukoo wa baba, na mjomba, awe mwema kiasi gani, ni mtu wa nyumba nyingine. Mhando akainuka. Watu wakatikisa vichwa tena, maana hilo nalo, likisikika peke yake, lilikuwa neno la haki. Kibwana akabaki kigodani. Mbelwa akachukua fimbo yake, tayari kufunga shauri.

Zamda akasogea mbele.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimeinuka na sikubisha. Nataka kujua tu, umeniinua kwa kosa gani?"

"Marahaba, binti yangu. Si kosa. Huna ghala."

"Na kaka Mhando, mwenye ghala, umemwinua kwa nini?"

"Kwa sababu ya damu. Umesikia."

"Nimesikia. Basi nipime na Kibwana."

Mbelwa akacheka kidogo, akawageukia wazee wenzake kama mtu anayewaonea haya kwa ajili ya mtoto mtukutu. Akasema aliyeinuka haketi tena, na Zamda anajua.

"Sitaketi," Zamda akasema. "Nitasimama hapa kando ya kigoda. Mwiko ni kuketi. Wewe pima tu."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kusimama ni mwiko.

Zamda akaendelea. "Ukitupima kwa ghala, mimi sina, na Kibwana hana, unga wake ananunua kama ninavyonunua mimi. Ukitupima kwa damu, mimi na Mhina tumenyonya ziwa moja. Kibwana ni wa baba yetu kwa mama mwingine. Utamweka juu yangu kwa kipimo gani, mzee wangu?"

Mbelwa akasema shamba linahitaji mwanamume.

"Na mimi ni nani?" Mhando akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, maana kila mmoja alianza kuona kitu na hakupenda anachokiona. Palikuwa na mkunga mmoja mzee, Bi Nyange, ambaye nusu ya watu waliokuwa pale aliwapokea kwa mikono yake. Yeye ndiye aliyesema kwa sauti. Alisema Mhando amemshinda Zamda, Kibwana amemshinda Mhando, na sasa Zamda anamshinda Kibwana. Akauliza hawa washindi mbona wanazungukana kama watoto wanaofukuzana kuzunguka nyumba, na wa mbele ni nani hapo.

Mbelwa akaona moto unamkaribia, akautupa kwingine. Akasema, kwa upole uleule, kwamba watu wajiulize mwanamke huyu anapigania nini. Anapigania mtoto, au anapigania chemchemi?

Na watu, kwa kuwa ni watu, wakageuka kumtazama Zamda. Wapo waliotikisa vichwa. Shuku ni hivyo, wajukuu zangu. Ukiifungulia mlango hairudi bila kuzungukia nyumba zote. Wakamshuku Zamda, wakamshuku na Mhando, labda naye alikuwa na lake. Sikudhani alikuwa ameshika kanga ya shangazi yake, na kwa muda ule hakuna aliyemkumbuka.

"Mna haki ya kunishuku," Zamda akasema. "Mimi pia nawashuku nyinyi. Basi tupimwe sote watatu kwa kipimo kimoja, na kisibadilike. Ukipewa mtoto bila shamba, utamchukua? Mimi nitamchukua. Shamba mpeni mnayemtaka."

Wakamuuliza Mhando. Alikuna kichwa, hakuficha. Akasema kwake watoto wanalala wamepangwa kama kuni, na mkewe atalalamika mpaka masika, lakini mtoto wa dada yake hatalala nje. Atamchukua.

Wakamuuliza Kibwana.

Kibwana aligeuza shingo akamtazama Mzee Mbelwa.

Ni kutazama tu, si zaidi ya hapo. Alitazama kama mwanafunzi aliyesahau jibu anavyomtazama aliyemfundisha. Lakini uwanja mzima ulifuata macho yake, na macho yote yakaangukia kwa mwamuzi. Na yule mzee wa maneno laini, aliyejua kumwulizia kila mtu kuku wake, akawa anaitazama fimbo yake.

Hapo ndipo Zamda alipolitoa lile la moyoni. Aliwaambia waende bondeni wakatazame miti ya zizi, utomvu wake bado haujakauka, na wakishaitazama miti watazame masikio ya mbuzi. Vijana wakateremka mbio. Waliporudi walisema mbuzi ni wa Mbelwa. Kibwana alikuwa amekwisha kuondoka, na kigoda chake kilikuwa kimelala ubavu.

Kumbe mambo yalikuwa hivi: Kibwana alikubaliana na Mbelwa kwamba akipata shamba, maji yatakuwa ya mbuzi wa Mbelwa. Kwa ghala Kibwana asingepata. Kwa damu asingepata. Njia ilikuwa moja tu, Zamda aondolewe kwanza kwa kipimo kingine, asije kukutana na Kibwana kamwe. Kila hukumu peke yake ilikuwa ya haki. Uovu ulikuwa kati ya hukumu na hukumu, pale kipimo kilipobadilishwa, na mwiko wa aliyeinuka ulikuwa umeufunika miaka na miaka. Nani ajuaye ni wangapi waliinuliwa hivyo kabla ya Zamda wakaenda zao kimya? Mimi nikifikiria hilo mpaka leo hasira hunipanda.

Mbelwa hakupigwa wala kufukuzwa. Waliendelea kumwamkia, lakini hakuna aliyeketi tena mbele yake kuhukumiwa. Mtoto akapewa Zamda. Shamba akapewa Mhando alilime na kuleta mavuno kwa mtoto, Zamda akimchunga Mhando na Mhando akimchunga Zamda, na kwa kuchungana huko hakuna gunzi lililopotea. Tangu hapo Kwelutu kipimo kilitajwa kabla mtu hajaketi, na aliyeinuka wa kwanza alisimamishwa kando ya aliyebaki wa mwisho.

Sikudhani alikua, akalima bonde lile kwa mikono yake mpaka uzee. Mama yangu aliwahi kumuuliza anakumbuka nini siku ile. Alisema maneno yote yalimpotea. Alichokumbuka ni kwamba watu wazima wote waligeuka upande mmoja kumtazama mzee mwenye fimbo, na mtu mmoja tu hakugeuka. Shangazi yake alikuwa anamtazama yeye.

Sasa tuje kwenu. Jana mlichagua kijana wa kwenda kujifunza ufundi wa mashine ya kusaga ya kikundi. Tausi aliangushwa na Hamza kwa sababu Hamza ana cheti. Hamza akaangushwa na Yusto kwa sababu Yusto amekitumikia kikundi muda mrefu. Yusto hana cheti, na Tausi ndiye aliyewafungulia kikundi hicho. Nimesema uongo? Je, Tausi na Yusto waliwekwa pamoja?

Na wewe Mbaraka, mbona unatafuta viatu? Nenda, sikuzuii. Lakini ukifika kwa mwenyekiti usianze kwa kugomba. Mwombe tu, kwa adabu, awaweke wale wawili mbele ya watu na ataje kipimo. Kisha nyamaza, na usimtazame Tausi wala Yusto. Washindi wakizungukana, mtazame mwamuzi.